Kijiti cha Kupimia

Waliniuliza lita, nikawajibu lita.
Ishirini. Risiti hii hapa, sahihi yake hii,
herufi ya H imeinama kama mtu anayefunga kiatu.
Wakaandika. Wakaniuliza saa, nikawapa saa.
Hakuna aliyeuliza habari za kijiti.

Kijiti ni cha mninga, urefu wa mkono wangu hadi kwapani.
Nilikichonga mwenyewe, nikakitia alama kwa msumari wa moto:
kumi, ishirini, thelathini, hadi tangi lijae.
Unafungua kifuniko juu ya bawa, unakichovya, unakitoa,
unasoma pale unyevu ulipoishia kabla jua halijaulamba.
Petroli ya ndege hukauka upesi kuliko aibu.
Geji hudanganya. Ile ya kulia, kwenye ndege ya Hizza,
ilikwama kwenye nusu tangu Ramadhani.
Sote tulijua, tukaicheka,
tukaiita mgeni mstaarabu:
hata akiwa na njaa husema nimeshiba.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unaupigiza mlango wa ofisi.
Komeo limekatika wiki mbili, fundi anasema kesho.
Nikachukua kijiti, nikakipachika kwenye pete za kufuli.
Mlango ukatulia. Nikanywa chai.
Hizza akaja na fedha za lita ishirini.
"Shemboza, nusu tangi ninayo, na Pemba ni pale tu,
ukikohoa Tanga, Wete wanakupa pole."
Nikatazama mlango.
Nikatazama chai.
Nikampampia ishirini kwa mkono, nikihesabu kwa sauti,
naye akasaini risiti juu ya bawa.

Akiba haiozi, tuliimbishwa shuleni.
Akiba ya hewani haipati hata muda wa kuoza:
ni dakika thelathini, na hizo ndizo alizozila
akizunguka juu ya Pemba, akisubiri mvua ipite.

Alirudi na abiria mmoja, mkaguzi wa karafuu,
na magunia mawili ya sampuli.
Nilimwona akipita juu ya uwanja, mabawa sawa,
akaenda kugeuzia upande wa Pongwe ili atue akiukabili upepo.
Nilimsikia. Halafu sikumsikia.
Kama mtu anayesimulia, akasahau jina.

Wakata mkonge wanasema hawakusikia kishindo cha maana.
Walisikia mkonge ukichanika, mstari kwa mstari,
kama fundi anapochana khanga pawili.
Nilifika kwa baiskeli, nimebeba mtungi wa kuzimia moto,
mwekundu, kilo tisa, ukinigonga goti njia nzima.
Hapakuwa na moto. Hapakuwa na cha kuwaka.
Nikainama nikanusa. Kazi yangu ni kunusa,
miaka kumi na saba pua hii ndiyo cheti changu.
Palinukia karafuu,
karafuu tupu, kama nyumba yenye harusi.
Hapo nikajua, kabla ya tume, kabla ya karatasi.

Mkaguzi alivunjika nyonga, yu hai.
Kila Idi hunitumia salamu, sijui kwa nini.
Hizza alikuwa ameketi, mkanda umefungwa,
mkono ungali kwenye vali,
ameielekeza tangi la kulia,
lile lenye nusu.

Komeo jipya liliwekwa Alhamisi.
Kijiti kimerudi kwenye msumari wake.
Sasa nachovya kila bawa mara mbili. Marubani wananuna,
nawaonyesha unyevu, nasubiri wausome kwa sauti.
Nyumbani pia: nachovya kibatari, nachovya pipa la maji,
Mwantumu ananitazama, hasemi kitu.

Jana usiku aliniuliza, umeshiba?
Nikasema nimeshiba.
Akafunua sufuria, akatazama mwenyewe.